Louis wa 16: Mfalme aliyepoteza imani ya raia kabla ya kupoteza taji

Asubuhi ya Januari 21, mwaka 1793, aliyekuwa mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, alikatwa kichwa kwa gilotini mbele ya umati mkubwa mjini Paris. Alikuwa na umri wa miaka 38. Miaka minne tu kabla ya hapo, raia wengi walikuwa bado wakimtazama kama baba wa taifa.

Louis alizaliwa Agosti 23, 1754, katika kasri la Versailles. Hakutazamiwa kurithi kiti, lakini kaka yake mkubwa alifariki, kisha baba yake. Mwaka 1774 babu yao, Louis wa 15, alipofariki, kijana huyo wa miaka 19 akawa mfalme. Tayari alikuwa amemwoa Marie Antoinette, binti wa ukoo wa kifalme wa Austria. Alikuwa mpole na mwenye haya, mpenzi wa uwindaji, jiografia na kazi ya kutengeneza kufuli.

Hazina tupu

Kuanzia mwaka 1778, Ufaransa iliwasaidia Wamarekani katika vita vyao vya kujikomboa kutoka kwa Uingereza. Ushindi ulileta heshima, lakini pia madeni. Kufikia mwaka 1788, takriban nusu ya matumizi ya serikali ilikwenda kulipia madeni. Makabaila na makasisi walikuwa wamesamehewa kodi nyingi, na mzigo ukawaelemea wakulima. Mawaziri waliotaka kubadili hali hiyo mfalme aliwaunga mkono leo, kesho akawaacha.

Mei 1789 alilazimika kuitisha Baraza la Matabaka Matatu, ambalo halikuwa limekutana tangu mwaka 1614. Mambo yakamponyoka. Julai 14 ngome ya Bastille ilitekwa. Oktoba, maelfu ya wanawake waliokasirishwa na uhaba wa mkate waliandamana hadi Versailles, na familia ya kifalme ikahamishiwa kasri la Tuileries mjini Paris.

Safari ya usiku

Hata hivyo, wengi waliendelea kuamini kwamba mfalme alikuwa pamoja nao. Imani hiyo ilivunjika usiku wa Juni 20, 1791, alipotoroka na familia yake, akiwa amevaa kama mtumishi, kuelekea mpaka wa mashariki. Msimamizi wa kituo cha kubadilishia farasi, Jean-Baptiste Drouet, alimtambua njiani, na msafara ukazuiwa katika mji mdogo wa Varennes. Kasrini alikuwa ameacha waraka wa kuyakana mageuzi aliyokwisha kuyaridhia. Aliporudishwa Paris, watu walijipanga barabarani kimya, bila kuvua kofia.

Septemba mwaka huo aliapa kuilinda katiba mpya, huku kwa siri akitarajia msaada wa wafalme wa nje. Mshika mbili moja humponyoka. Yeye zilimponyoka zote mbili. Aprili 1792 vita vilizuka dhidi ya Austria, nchi ya mkewe, na mfalme akashukiwa kuwa upande wa adui. Agosti 10 kasri la Tuileries lilivamiwa, na Septemba 21 ufalme ukafutwa.

Novemba iligunduliwa kabati ya chuma iliyofichwa ukutani humo, ikiwa na nyaraka zake za siri. Aliyeifichua ni François Gamain, fundi kufuli aliyeshirikiana na mfalme kwa miaka mingi katika kazi aliyoipenda. Bunge lilimtia hatiani kwa usaliti. Miongoni mwa waliopiga kura auawe alikuwamo binamu yake, Mtawala wa Orléans, ambaye naye alinyongolewa shingo na gilotini hiyo hiyo kabla ya mwaka kwisha.

Marie Antoinette aliuawa Oktoba 1793, na mtoto wao wa kiume akafia kifungoni mwaka 1795. Ndugu wawili wa Louis walikuja kutawala kuanzia mwaka 1814, lakini wa mwisho wao, Charles wa 10, alipinduliwa mwaka 1830. Taji lilikuwa limerudi. Imani ya raia haikurudi.