Karen Carpenter: Watu Walimsifu Amekonda, Kumbe Moyo Ulikuwa Unaisha

Kama mathe wako hupenda zile ngoma za pole pole za kitambo, hii sauti unaijua hata kama jina halikuji haraka. Ni ya Karen Carpenter, dem wa Marekani aliyezaliwa New Haven mwaka wa 1950, kisha familia ikahamia Downey, California.

Wengi hawajui kuimba mbele ya watu haikuwa form yake. Karen alikuwa msee wa drums, na alikuwa anazichapa noma. Ilibidi asukumwe ndio atoke nyuma ya hizo drums ashike maiki. Bro yake Richard alikuwa kwa piano, wakajiita The Carpenters, na 1970 "Close to You" ikagonga namba moja Marekani.

Sasa pale mbele, mwili wake ukawa stori ya kila mtu. Akaanza kujinyima chakula, akapungua, na watu wakamsifu. Hapo ndio anoreksia hukuingiza box: inakuja na pongezi. Kufikia 1975 alikuwa amedhoofika hadi ziara za Uingereza na Japani zikafutwa.

Na usidhani ni maringo ya mastaa. Ni ugonjwa wa akili. Mtu anaogopa kunenepa hata akibaki mifupa, na kioo kinamdanganya kila asubuhi. Huku mwili unajila wenyewe. Hedhi inakatika, mifupa inalegea, baridi haikuachi hata juani. Misuli inaisha, na si unajua moyo pia ni msuli? Unapiga polepole, potasiamu ikishuka unaweza kugoma bila onyo.

Enzi hizo hata madaktari wengi walikuwa wanapapasa tu. 1982 Karen alikaa New York miezi kadhaa akiongea na mtaalamu. Septemba akalazwa, akalishwa kwa dripu, kilo zikarudi. Akarudi California, kila mtu akashusha pumzi. Lakini kilo zinaweza kurudi kabla moyo na akili hazijapona. Tarehe 4 Februari 1983 alianguka kwa nyumba ya wazazi wake huko Downey. Moyo ulikuwa umeshindwa kufanya kazi. Alikuwa 32.

Siku hizi mgonjwa aliyedhoofika sana huongezwa chakula pole pole huku damu ikipimwa, maana kumjaza ghafla kunaweza kuvuruga madini mwilini na kumuua. Kwa vijana, wazazi huingizwa ndani ya tiba na kusimamia kila mlo, njia iliyokuzwa pale Maudsley, London. Na watu hupona, hata kama inachukua miaka. Kwa hivyo beshte yako akianza kukwepa kula, wacha kumwambia anakaa fiti. Mtafutie daktari mapema.

Karen alikuwa pia amerekodi albamu yake pekee yake, bila Richard, kati ya 1979 na 1980. Kampuni ikaiweka kabatini. Ilitoka 1996, miaka 13 baada ya yeye kuenda.