Mnorwei Aliyewapa Pasi Watu Wasio na Nchi

Katika kila toleo la Uhuru tumekuwa tukitenga ukurasa kwa maisha ya mtu mmoja wa zamani. Wazee wetu wa TANU wamepita hapa, na mabingwa wa taarab nao. Safari hii tumemleta mgeni, Mnorwei aliyepata jina kwa kutembea juu ya barafu. Ndani ya kamati wapo waliouliza anahusiana nini na tarehe 9 Desemba. Tunawaomba wavumilie kidogo.

Fridtjof Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861, karibu na mji ambao leo unaitwa Oslo. Alisomea elimu ya wanyama, akafanya kazi katika makumbusho ya Bergen, na mwaka 1888 akapata shahada ya udaktari. Mwaka huohuo aliongoza wenzake watano kuivuka barafu ya Greenland, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Waliojaribu kabla yake walianzia magharibi kwenye makazi ya watu, ili wakishindwa warudi. Yeye alianzia mashariki, meli ikawashusha na kuondoka, na njia ya kurudi haikuwapo. Baadaye aliiingiza meli yake, Fram, katika bahari ya kaskazini, akaiacha inaswe na barafu makusudi ili ichukuliwe na mkondo. Ilipita miaka mitatu kabla hajaonekana tena. Visa vya dubu na kibanda cha mawe tunaviruka, ingawa ni vitamu.

Alirudi mwaka 1896 akiwa shujaa wa taifa lililokuwa chini ya taji moja na Sweden. Muungano huo ulipovunjwa mwaka 1905, Nansen alikwenda Copenhagen kumshawishi mwanamfalme wa Denmark akubali kuwa mfalme wa Norwei. Kisha, kuanzia 1906 hadi 1908, aliiwakilisha nchi yake hapa London, wa kwanza kushika kazi hiyo tangu ijitenge. Alijua, basi, jinsi nchi inavyobisha hodi kwa wakubwa ikiomba itambuliwe.

Kazi iliyotufanya tumchague ilianza alipokaribia miaka 60. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilimpa jukumu la kuwarudisha makwao wafungwa wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wakiwa wamekwama Urusi. Serikali mpya ya Moscow haikulitambua Shirikisho, lakini ilikubali kuzungumza na Nansen kama Nansen. Kufikia 1922 watu zaidi ya 400,000 walikuwa wamefika kwao. Hao walikuwa na nchi. Kilichokosekana kilikuwa meli, treni na fedha.

Tatizo lililofuata halikuhitaji treni. Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wameyakimbia mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakatawanyika Ulaya, Uturuki na Uchina. Mwaka 1921 Nansen aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi hao. Desemba ya mwaka huo serikali ya Kisovieti ikatoa amri iliyowavua uraia wengi wa waliokuwa nje. Mtu aliamka Paris au Constantinople akakuta pasi aliyonayo ni ya dola ambayo haipo tena, na dola iliyopo haimtambui. Hakuwa amehukumiwa kwa kosa lolote. Lakini bila karatasi hapati kibali cha kazi, hawezi kufunga ndoa ya serikali, wala hawezi kuvuka mpaka. Akikamatwa hana pa kurudishwa, kwa hiyo polisi wa nchi moja humsukuma mpakani usiku, na wa nchi ya pili humrudisha. Katiba za nchi zile ziliimba haki za binadamu wote. Dirishani, karani aliuliza kwanza: raia wa wapi?

Sisi tunaoishi ugenini dirisha hilo tunalijua. Mmoja wetu katika kamati aliwahi kukaa miezi na pasi iliyokwisha muda, maombi yake yakiwa yamelala katika ofisi fulani, msiba ukatokea nyumbani na mazishi yakapita bila yeye. Wapo pia wenzetu waliochukua uraia wa hapa na kwa sheria yetu wakaupoteza ule wa nyumbani. Uchungu huo ni wa kweli. Hata hivyo aliyesubiri pasi alikuwa akiidai karatasi tu, nchi anayo. Watu wa Nansen hawakuwa na wa kumdai.

Mwezi Julai 1922, huko Geneva, Nansen alizikutanisha serikali zikakubali hati ya aina mpya. Ilikuwa karatasi moja, yenye jina na picha ya mwenye nayo, ikieleza kwamba asili yake ni Urusi na kwamba hajapata uraia mwingine. Ilitolewa na nchi aliyokuwamo na ilidumu mwaka mmoja. Watu wakaiita pasi ya Nansen. Baadaye Waarmenia nao walipewa, kisha Waashuri na wengine, na nchi zaidi ya 50 ziliikubali. Mwanamuziki Stravinsky aliitumia, na mwandishi Nabokov pia, ambaye aliichukia kwa jinsi ilivyomdhalilisha mbele ya maafisa. Ilibandikwa stempu yenye sura ya Nansen mwenyewe, ya faranga 5 za dhahabu, na fedha hizo zikawasaidia wakimbizi maskini.

Ilikuwa na upungufu mkubwa. Haikuwa uraia, na mwanzoni haikumhakikishia mwenye nayo kwamba nchi iliyompa ingempokea tena akitoka. Nansen mwenyewe hakuwa malaika. Yeye ndiye aliyependekeza Ugiriki na Uturuki zibadilishane watu, na mkataba wa 1923 ukawang'oa watu zaidi ya milioni moja kutoka vijiji vyao kwa sababu ya dini yao tu. Sisi hatuwezi kumsifia hilo. Mpango wake wa kuwapatia Waarmenia makazi ulikufa kwa kukosa fedha za mataifa, nao ulimuuma hadi mwisho. Tuzo ya Nobel ya Amani alikwisha kuipata mwaka 1922.

Alifariki tarehe 13 Mei 1930 nyumbani kwake, akazikwa kwa heshima za taifa tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa ya Norwei. Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu liliandika, katika ibara ya 15, kwamba kila mtu ana haki ya uraia. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 ukazitaka nchi ziwape hati za kusafiria, mjukuu wa karatasi ile ya Geneva.

Umoja wa Mataifa hutoa nishani ya wakimbizi yenye jina la Nansen. Mwaka 1983 nishani hiyo ilikwenda kwa Mwalimu Julius Nyerere. Wenzetu waliouliza, jibu mojawapo ni hilo. Jingine liko Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kwa Warundi waliokimbia mwaka 1972. Walikubaliwa kuwa Watanzania, wakaukana uraia wa Burundi, kisha wakakaa miaka kadhaa wakingoja vyeti, bila huu wala ule. Vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014, kwa watu zaidi ya 160,000.