Maxwell, bwanyenye wa magazeti aliyefuja pensheni ya wafanyakazi wake

WAFANYAKAZI na wastaafu zaidi ya 30,000 wa kampuni za Robert Maxwell nchini Uingereza waligundua mwishoni mwa mwaka wa 1991 kwamba sehemu kubwa ya akiba yao ya uzeeni ilikuwa imetoweka. Aliyejua vyema ilikokwenda alikuwa tayari kaburini.

Mtu huyo alikuwa mwajiri wao, mmiliki wa Daily Mirror, gazeti ambalo kwa miaka mingi lilijivunia kuwa mtetezi wa wachapa kazi. Zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimechotwa katika hazina za pensheni ili kuziba mashimo ya himaya iliyokuwa ikididimia katika madeni.

La kusikitisha zaidi ni kwamba onyo lilikuwa limetolewa miaka 20 kabla, kwa maandishi, na wakaguzi walioteuliwa na serikali. Wenye mabenki walilisoma, kisha wakaendelea kumkopesha.

Utoto wa uchochole

Maxwell alizaliwa Juni 10, 1923 katika kijiji cha Slatinske Doly, ambacho wakati huo kilikuwa nchini Czechoslovakia na leo kimo Ukraine kwa jina la Solotvyno. Wazazi wake, Wayahudi waliokuwa maskini hohehahe, walimpa jina Jan Ludvik Hoch.

Eneo hilo lilitwaliwa mnamo 1939 na Hungary, iliyokuwa mshirika wa Ujerumani. Kijana Hoch aliishia Ufaransa, akajiunga na jeshi la Czechoslovakia lililokuwa uhamishoni, na mwaka wa 1940 akavuka hadi Uingereza. Wazazi wake pamoja na ndugu zake kadhaa waliobaki nyuma waliuawa na Manazi.

Katika jeshi la Uingereza alipanda vyeo hadi akawa kapteni. Mnamo 1945 alitunukiwa nishani ya Military Cross kwa ujasiri wake vitani, akavishwa na Jemadari Bernard Montgomery mwenyewe. Mwaka uo huo alimwoa Elisabeth Meynard, Mfaransa, na wakajaliwa watoto tisa.

Alipewa uraia wa Uingereza mnamo 1946, na miaka miwili baadaye akalibadilisha jina lake rasmi kuwa Ian Robert Maxwell.

Vita vilipokwisha alifanya kazi Berlin katika idara ya Uingereza iliyosimamia magazeti. Huko ndiko alikofahamiana na wachapishaji wa Kijerumani waliokuwa na shehena ya majarida ya sayansi yasiyokuwa na soko nje ya nchi yao, naye akawa wakala wao.

Mnamo 1951 alinunua hisa nyingi katika kampuni ndogo ya uchapishaji na kuipa jina jipya, Pergamon Press. Biashara hii ilikuwa kama ng'ombe asiyekauka maziwa. Wanasayansi walileta makala bila kudai malipo, nazo maktaba za vyuo vikuu hazikuwa na budi kununua kila toleo, tena zikilipa ada ya mwaka mzima kabla ya kupokea chochote.

Faida hiyo ilimwezesha kukodi jumba la kifahari la Headington Hill mjini Oxford, mali ya baraza la mji huo. Mnamo 1964 alichaguliwa mbunge wa Buckingham kwa tikiti ya chama cha Labour, kiti alichokishikilia hadi 1970.

Onyo lililopuuzwa

Mwaka wa 1969 kampuni ya Leasco ya Marekani ilitaka kuinunua Pergamon. Wamarekani hao walipochungulia vitabu vya hesabu walianza kutilia shaka faida iliyokuwa ikitangazwa, wakarudi nyuma. Sehemu ya mauzo ilikuwa baina ya Pergamon na kampuni nyingine za Maxwell mwenyewe, hivyo faida ikaonekana kubwa kuliko ilivyokuwa.

Serikali iliteua wakaguzi kuchunguza sakata hiyo. Katika ripoti yao ya kwanza ya mwaka wa 1971 walihitimisha kwamba Maxwell si mtu wa kuaminiwa kusimamia ipasavyo kampuni iliyouza hisa zake kwa umma.

Kwa mfanyabiashara mwingine yeyote, hukumu kama hiyo ingekuwa mwisho wa safari. Maxwell aling'olewa uongozini, lakini hakukata tamaa. Mnamo 1974 aliinunua tena Pergamon, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatwaa kampuni kubwa ya uchapishaji ya British Printing Corporation, iliyokuwa ikichechemea. Alipunguza wafanyakazi, akabana matumizi na kuirejesha katika faida. Mabenki yaliyokuwa yamemkwepa yalianza kumrudia.

Kiu ya magazeti

Pamoja na utajiri huo, Maxwell alikuwa na kiu moja isiyozimika: kumiliki gazeti la kitaifa. Alijaribu kulinunua News of the World, lakini mapema 1969 akashindwa na Rupert Murdoch, kijana wa Australia. Mwaka uo huo Murdoch alimshinda tena katika kinyang'anyiro cha The Sun.

Nafasi yake ilijitokeza mwaka wa 1984, kampuni ya Reed International ilipoamua kuachana na kundi la Mirror.

Daily Mirror lilianzishwa mnamo 1903 na Alfred Harmsworth, ambaye baadaye alijulikana kama Bwana Northcliffe, likiwa gazeti la wanawake. Lilipodorora alilibadilisha mwaka uliofuata kuwa gazeti la picha, nalo likashika kasi. Baadaye liliangukia mikononi mwa nduguye, Bwana Rothermere. Baada ya familia hiyo kuuza hisa zake katika miaka ya 1930, liligeuka kuwa sauti ya tabaka la wafanyakazi na kuunga mkono Labour.

Katika miaka ya 1960 liliuza zaidi ya nakala milioni 5 kwa siku. Reed ililitwaa mnamo 1970, lakini kabla ya muongo huo kuisha The Sun la Murdoch lilikuwa limelipiku kwa mauzo.

Reed ilikuwa imekusudia kuuza hisa za Mirror kwa umma ili gazeti lisimilikiwe na mtu mmoja. Wahariri na wanahabari wake walimpinga Maxwell waziwazi. Hata hivyo, fedha zilinena kwa sauti kuu. Mnamo Julai 1984 alitoa pauni milioni 113 na kundi zima likawa lake, pamoja na Sunday Mirror, Sunday People na magazeti ya Scotland, Daily Record na Sunday Mail.

Punde picha zake zilianza kutapakaa katika kurasa za gazeti lake. Njaa ilipoikumba Ethiopia mwaka huo, alipanda mwenyewe ndege iliyopeleka misaada ya Mirror, na habari za safari hiyo zikachapishwa kwa mapana na marefu. Helikopta yake ilitua juu ya paa la jengo la Holborn jijini London, huku wafanyakazi wengi wakiachishwa kazi.

Waandishi waliothubutu kumchunguza walijikuta mahakamani. Sheria za Uingereza kuhusu kuharibiana jina zilikuwa kali, naye alizitumia kama rungu. Mnamo 1986 alilishinda jarida la Private Eye, na baadaye akapambana na mwandishi Tom Bower aliyechapisha wasifu wake. Wahariri wengi waliona heri kunyamaza.

Mkono wake wafika Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 bwanyenye huyo alijitosa nchini Kenya. Aliingia ubia na chama tawala cha KANU katika shirika la Kenya Times Media Trust, lililochapisha gazeti la Kenya Times. Ni chini ya mwavuli huo ambapo kituo cha televisheni cha KTN kilianza kupeperusha matangazo mwaka wa 1990.

Washirika hao walipanga kujenga jumba la orofa 60 katika Bustani ya Uhuru, ambalo lingekuwa makao ya shirika hilo na ya chama. Habari hizo zilipomfikia Wangari Maathai mnamo 1989, aliandika barua kwa ofisi mbalimbali za serikali na kwa Balozi wa Uingereza nchini, akihoji iwapo jengo kama hilo lingeruhusiwa katika bustani ya umma jijini London.

Wabunge walimkejeli, mahakama ikaitupa kesi yake na vuguvugu lake la Green Belt likafurushwa katika ofisi za serikali. Lakini wafadhili wa kigeni waliingiwa na wasiwasi, na mradi ukapunguzwa kisha ukaachwa kabisa. Bustani ilisalimika.

Madeni yamzidi kimo

Wakati Wakenya wakizozania jumba hilo, Maxwell alikuwa amejitwika mzigo uliomzidi nguvu. Mnamo 1988 alitumia dola bilioni 2.6 kununua kampuni ya vitabu ya Macmillan nchini Marekani, na dola milioni 750 zaidi kununua wachapishaji wa ratiba za ndege. Fedha hizo zilikuwa za mkopo.

Uchumi ulipoanza kuyumba na riba kupanda, alilazimika kuuza vya thamani ili kulipa madeni. Mapema 1991 aliiuza Pergamon, mzazi wa utajiri wake wote, kwa kampuni ya Elsevier ya Uholanzi. Miezi michache baadaye aliuza asilimia 49 ya hisa za Mirror kwa umma. Wakati huo huo alinunua gazeti la Daily News la New York, akapokelewa na wakazi wa mji huo kama mkombozi.

Ujanja wake ulikuwa hivi. Alikuwa na kampuni za umma, zilizotakiwa kufichua hesabu zao, na kampuni nyingi za binafsi za familia, ambazo undani wake watu wachache sana waliujua. Fedha zilihamishwa kutoka huku kwenda kule hadi wakaguzi wakapotea njia.

Mikopo ya familia ilidhaminiwa kwa hisa za kampuni zake. Kila bei ya hisa hizo iliposhuka, benki zilidai dhamana zaidi. Ili bei isiporomoke, alizinunua hisa hizo kisirisiri, na fedha za kununulia zikawa haba.

Hapo ndipo alipoigeukia pensheni. Hazina hizo zilisimamiwa na kampuni ya Bishopsgate Investment Management, iliyokuwa chini yake. Hisa nzuri zilizonunuliwa kwa michango ya wafanyakazi zilitolewa, nyingine zikauzwa na nyingine zikawekwa rehani kwenye benki kana kwamba ni mali yake. Baadhi ya wastaafu walilalamika mapema, lakini hakuna mwenye mamlaka aliyewasikiliza.

Kifo baharini

Alfajiri ya Novemba 5, 1991 Maxwell alitoweka kutoka mashua yake ya kifahari, Lady Ghislaine, iliyopewa jina la bintiye kitinda mimba, karibu na Visiwa vya Canary. Mwili wake ulipatikana siku iyo hiyo ukielea katika bahari ya Atlantiki. Alikuwa na umri wa miaka 68. Uchunguzi nchini Uhispania ulihusisha kifo hicho na maradhi ya moyo na kuzama kwa ajali, ingawa uvumi kuhusu kujiua au kuuawa haukukoma.

Alizikwa kwa heshima kuu katika Mlima wa Mizeituni, Jerusalem, mbele ya viongozi wa Israeli. Gazeti lake lilimwaga kwa sifa, likimtaja kama aliyeliokoa. Haukupita mwezi kabla ya gazeti hilo hilo kuwatangazia wasomaji kuwa mamilioni ya fedha zake hayajulikani yaliko.

Desemba mwaka huo himaya ilisambaratika. Wanawe Kevin na Ian walifikishwa mahakamani kwa madai ya ulaghai, na mnamo Januari 1996 baraza la wazee wa mahakama likawaondolea lawama. Ripoti ya serikali ya mwaka wa 2001 ilimbebesha Maxwell mwenyewe lawama kuu, lakini ikazikosoa pia taasisi za fedha na washauri waliomsaidia.

Wastaafu hawakukubali yaishe. Waliandamana na kulisumbua Bunge hadi serikali ikatoa fedha za dharura, na mnamo 1995 taasisi za fedha na mabaki ya himaya hiyo zikakubali kulipa pauni milioni 276 nje ya mahakama. Mwaka uo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya pensheni, iliyounda mamlaka ya kusimamia hazina hizo na kuwapa wafanyakazi haki ya kuchagua baadhi ya wadhamini wake.

Mirror nalo halikufa. Mnamo 1999 liliungana na kampuni ya Trinity kuunda Trinity Mirror, ambayo mwaka wa 2018 ilinunua magazeti ya Express na kubadilisha jina kuwa Reach. Tangu Maxwell aondoke, gazeti hilo halijawahi tena kuwa mali ya mtu mmoja.

Maxwell aliacha nyuma yake somo ambalo Waingereza walilinunua kwa bei ghali. Alikuwa na bidii na kipaji ambacho hata maadui wake walikikiri, na alitoka katika dhiki ambayo wachache wangenusurika. Lakini kampuni aliyoiongoza ilikosa mtu wa kumwambia hapana, na magazeti ambayo yangefichua maovu yake ama yalikuwa yake au yalimwogopa. Waliolipa gharama ni wapiga chapa, madereva na makarani waliokatwa mishahara yao kila mwezi kwa miongo mingi, wakiamini kwamba fedha zile zinawangoja uzeeni.