Ferdinand Porsche na Motokaa Yake

Wanafunzi wapendao motokaa hawana haja ya kuelezwa Porsche ni nini. Huitambua kwa umbo tu: fupi, ya chini, taa za mbele mviringo kama macho ya chura, na mgongo ulioteremka mpaka nyuma. Lakini nimeona kwamba wengi wao hudhani hilo ni jina la kiwanda tu, wala hawajui kuwa palikuwa na mtu mwenye jina hilo. Basi nimependa kueleza habari zake, mazuri na mabaya, kwani motokaa ile haifahamiki vema bila ya kumfahamu yeye.

Ferdinand Porsche alizaliwa tarehe 3 Septemba, 1875, katika kijiji cha Maffersdorf, Bohemia, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Austria, na ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Baba yake alikuwa fundi wa bati, naye alitaka mwanawe airithi nyundo yake. Mtoto alikuwa na kiu ya jambo jingine, nalo ni umeme. Kabla hajatimiza umri wa mtu mzima alikwisha kutia taa za umeme katika nyumba ya baba yake. Alipopata miaka 18 akaenda Vienna kufanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya umeme, na jioni akawa anajipenyeza katika madarasa ya chuo cha ufundi kusikiliza, ingawa hakuandikishwa humo. Hakupata kamwe shahada ya mtihani. Cheo cha Daktari alichoitiwa baadaye kilikuwa cha heshima.

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu waliona motokaa aliyoibuni kwa ajili ya kiwanda cha Lohner. Ilikwenda kwa umeme, na mota zake zilikuwa ndani ya magurudumu yenyewe. Wanaosema leo kwamba motokaa za umeme ni jambo jipya wangefaa kuikumbuka ile.

Kisha akawa mkuu wa mafundi wa Austro-Daimler tangu mwaka 1906. Mwaka 1910 aliingia mwenyewe katika mashindano ya Prinz Heinrich akishika usukani wa motokaa aliyoichora, akashinda. Mwaka 1923 alihamia kiwanda cha Daimler huko Stuttgart, ambako alitengeneza zile Mercedes kubwa za mashindano. Alikuwa mwepesi wa hasira, tena hakuwa na subira na wakubwa wa viwanda. Yeye alitaka sana kutengeneza motokaa ndogo, nyepesi, ya bei nafuu. Wao walitaka kubwa za matajiri. Hatimaye, mwaka 1931, akafungua ofisi yake mwenyewe Stuttgart, pamoja na mkwewe Anton Piëch na bwana mmoja Myahudi aliyekuwa hodari wa mashindano, Adolf Rosenberger, ambaye fedha zake ndizo zilizoisaidia ofisi ile changa kusimama.

Mwaka 1933 Hitler akashika serikali. Mwaka uliofuata Porsche alipewa kazi aliyoitamani miaka mingi: kubuni motokaa ya watu wote, yaani Volkswagen, ambayo bei yake isizidi mark 1,000. Injini aliiweka nyuma. Ilikuwa na silinda nne zilizolala, mbili zikielekeana na mbili, nayo ilipozwa kwa hewa iliyovumishwa na feni. Haikuwa na rejeta, kwa hiyo hapakuwa na maji ya kuchemka juani wala kuganda kwenye baridi. Na kwa kuwa uzito wote wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, motokaa hiyo iliweza kushika njia penye tope ambapo nyingine ziliserereka. Sisi wa Afrika Mashariki twajua maana ya jambo hilo: Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, mwaka 1957, na tena mwaka 1962.

Walakini Wajerumani waliolipa kidogo kidogo kwa kubandika stempu katika vitabu vyao, zaidi ya watu laki tatu, hawakuipata hata moja wakati wa Hitler. Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa mwaka 1938, vita vikaanza mwaka 1939, na kiwanda kikageuzwa kuwa cha silaha na magari ya jeshi.

Hapa vitabu vingi vya wapenda motokaa hupita mbio, nami sipendi kupita mbio. Rosenberger aliondolewa katika shirika mwaka 1935, na hisa zake zikachukuliwa kwa bei ndogo mno. Mwaka huohuo serikali ikamtia kambini, kisha akakimbia nchi. Porsche aliingia katika chama cha Nazi mwaka 1937, na baadaye akapewa cheo katika SS. Kiwanda cha Volkswagen, ambacho yeye na mkwewe walikuwa katika uongozi wake, kiliendeshwa wakati wa vita kwa kazi ya watu waliotolewa makwao kwa nguvu, hasa Poland na Urusi, pamoja na wafungwa wa makambi. Wanawake waliozaa huko walinyang'anywa watoto wao wachanga, wakawekwa katika nyumba moja ya kijiji cha Rühen. Watoto zaidi ya 300 walikufa humo. Wako wanaosema kwamba Porsche alikuwa fundi tu, hakujali siasa. Mimi naona maneno hayo hayamtoi hatiani, bali yanaeleza jinsi alivyoingia: alipewa fedha, viwanda na mafundi, wala hakuuliza ni nani anayempa na kwa kusudi gani.

Baada ya vita, Desemba 1945, Wafaransa walimkamata. Alikaa gerezani Dijon, akiwa mzee mwenye afya mbovu, mpaka Agosti 1947, alipotolewa kwa dhamana. Baadaye mahakama ya Ufaransa ilimwachilia.

Alipotoka alimkuta mwanawe, Ferry, katika kijiji cha Gmünd, Austria, ndani ya kiwanda cha zamani cha kupasulia mbao. Huko ndiko ilikozaliwa motokaa ya kwanza yenye jina la ukoo, aina ya 356, iliyopewa ruhusa ya barabara tarehe 8 Juni, 1948. Vyuma vingi vilikuwa vya Volkswagen. Bodi za zile zilizofuata ziligongwa kwa nyundo juu ya kiolezo cha mti, kazi ambayo yule baba mfua bati wa Maffersdorf angaliitambua mara moja. Gmünd zilitoka kama 50 tu, kisha kazi ikarudi Stuttgart mwaka 1950. Mzee alifariki dunia huko tarehe 30 Januari, 1951. Mwezi Juni mwaka huo 356 ikashinda daraja lake huko Le Mans, Ufaransa.

Je, kwa nini watu wameipenda hata leo? Wengine husema ni mwendo wake, lakini ziko zilizoipita kwa mbio. Kwa maoni yangu ni ule ukaidi wa kuiacha injini nyuma. Uzito wa nyuma huifanya motokaa itake kugeuza mkia katika kona, hasa dereva akiondoa mguu ghafula kwenye mafuta. Mafundi wengine wangaliihamisha injini. Wa Porsche waliiacha palepale, wakarekebisha matairi, springi na ekseli mwaka baada ya mwaka. Aina ya 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, ilikuwa na silinda sita na ilipozwa kwa hewa mpaka miaka ya 1990 karibu kwisha. Ya milioni moja ilitoka kiwandani mwaka 2017, injini ikiwa bado nyuma.

Safari Rally yenyewe iliikataa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alikuwa wa pili akiendesha 911, na mwaka 1978 Vic Preston Mdogo wa Kenya naye akawa wa pili. Ilimbidi Waldegård angoje mpaka mwaka 2011, katika Safari ya motokaa za zamani, ndipo akashinda kwa 911.