Hugh Tracey na Santuri za Ituri

Chini ya kitanda changu, katika chumba ninachopanga hapa Bunia, kuna sanduku la mbao lenye diski 31 za michezo ya video. Nyingi ni za PlayStation 2. Wenzangu wa kitivo hunicheka. Huniambia kwamba siku hizi mchezo unanunuliwa kwenye intaneti na kushushwa moja kwa moja, na kwamba diski ni mambo ya kale.

Nina majibu mawili. La kwanza ni la mfuko: mchezo mmoja wa leo unaweza kuzidi gigabaiti 50, na kila anayenunua mega mjini hapa anajua maana yake. La pili ni kwamba anayenunua mchezo usio na diski amenunua ruhusa tu ya kuucheza. Machi 2023 kampuni ya Nintendo ilifunga duka la mtandaoni la mashine zake za Wii U na 3DS. Michezo iliyokuwa inauzwa humo peke yake haina tena mahali inaponunuliwa kihalali. Diski yangu haimwombi mtu ruhusa. Umeme ukiwapo, inacheza.

Lakini sikukusudia kuandika juu ya sanduku langu. Nataka kusimulia maisha ya mtu niliyekutana naye kwa sababu ya sanduku hilo. Mwaka juzi mfanyabiashara anayeniletea diski za mitumba kutoka Kampala alinipa sidi moja ambayo haikuwa ya mchezo. Hakujua ni ya nini. Juu ya jalada niliona neno Ituri na mwaka 1952, kisha majina ya watu ninaowafahamu: Wabudu, Wambuti, Wanande, Wabira. Mimi ni Mubira. Nyumbani kwetu hakuna kitu chenye umri huo. Nyumba ya wazazi wangu iliteketea katika vita mwaka 2003, pamoja na kaseti zote za baba, na kitu cha zamani kuliko vyote tulichobaki nacho ni sufuria ambayo mama alikimbia nayo kichwani. Sasa nilikuwa nimeshika mkononi sauti za watu wa kwetu zilizorekodiwa nusu karne kabla sijazaliwa. Aliyezirekodi aliitwa Hugh Tracey.

Hugh Travers Tracey alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Hakusomea muziki wala isimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado kijana, alivuka bahari kwenda Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, kumsaidia kaka yake Leonard aliyekuwa amepata shamba la tumbaku huko baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Shambani alifanya kazi pamoja na vijana wa Kikaranga. Akajifunza lugha yao kwa kusikiliza, na nyimbo alizozisikia kazini zikamwingia. Jambo lililomshangaza ni kwamba Wazungu wenzake walioishi miaka mingi katikati ya nyimbo hizo walikuwa hawazisikii. Kwao zilikuwa kelele tu.

Mwaka 1929 aliwachukua vijana kadhaa wa Kikaranga akasafiri nao mamia ya kilomita hadi Johannesburg, ambako mafundi wa kampuni ya Columbia kutoka London walikuwa wamekuja kurekodi. Nyimbo walizoimba vijana hao zilikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za nchi hiyo kutiwa kwenye santuri. Miaka michache baadaye shirika la Carnegie la Marekani lilimpa fedha za kuendelea na utafiti, na watunzi wakubwa wa Uingereza, Gustav Holst na Ralph Vaughan Williams, walimtia moyo kwamba kukusanya kuna faida zaidi kuliko kukimbilia kuandika nadharia. Ushauri huo aliushika maisha yake yote.

Hata hivyo kukusanya hakulishi familia. Tracey aliingia katika utangazaji wa redio Afrika Kusini, na kwa miaka mingi, hadi 1947, aliongoza studio za Durban. Huko ndiko alikowafahamu Wachopi kutoka Msumbiji, mabingwa wa marimba wanaoitwa timbila, ambao wengi wao walifanya kazi katika migodi ya dhahabu. Kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1948. Wakati huo alikuwa tayari amepata msaada wa Eric Gallo, mwenye kampuni ya santuri mjini Johannesburg. Gallo aligharimia safari, naye Tracey alileta nyimbo ambazo baadhi yake zingeweza kuuzwa.

Msomaji wa leo anayerekodi kwa simu hawezi kukisia uzito wa kazi ile. Tracey alisafiri na gari lililosheheni mitambo, pamoja na jenereta yake. Jenereta ilipiga kelele, kwa hiyo iliachwa mbali na kuunganishwa kwa waya mrefu hadi mahali pa wanamuziki. Kipaza sauti hakukisimamisha kwenye mguu wa chuma. Alikishika mwenyewe mkononi, akikisogeza karibu na mwimbaji, kisha kwa mpiga ngoma, kisha kwa waitikiaji. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulibeba dakika tatu hivi, basi wimbo ambao kijijini ungekesha usiku kucha ulilazimika kukatwa. Alikuwa pia na vyuma vya kupimia sauti, kila kimoja kikilia kwa kiwango chake, na kwa hivyo alipima jinsi kila chombo kilivyotungwa. Mwisho aliandika: jina la mwimbaji, lugha, mahali, chombo, maana ya wimbo. Sisi wa isimu tunaita taarifa hizo nusu ya data. Tracey alizifanya kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe, kwa kuwa santuri za mkusanyo wake mkuu ziliambatana na kadi zenye maelezo hayo.

Mwaka 1950 alizunguka Afrika Mashariki. Huko Kericho, Kenya, wasichana wa Kipsigis walimwimbia wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, lililogeuzwa likalingana na ulimi wa Kipsigis baada ya santuri zake kufika vijijini pamoja na gramafoni za Wazungu. Mwanafunzi wa fonolojia atafurahia mabadiliko hayo ya sauti. Mimi nafurahia pia safari yenyewe: santuri moja iliyoingia kijijini ilizaa wimbo mpya, na wimbo huo ukatoka kijijini ndani ya santuri nyingine.

Mwaka 1952 ilikuwa zamu yetu. Tracey aliingia Kongo ya Kibelgiji. Kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, alimkuta kijana mpiga gitaa aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, akarekodi Masanga, kipande kilichopata tuzo ya chama cha muziki wa Kiafrika alichokianzisha Tracey mwenyewe, na ambacho wapiga gitaa wa mbali bado wanajifunza. Hapa kuna kichekesho kidogo, kwa sababu Tracey hakuwa mpenzi wa muziki wa mjini. Aliuona kama uharibifu wa ule wa asili. Sikio lake lilikuwa pana kuliko nadharia yake. Mwaka huohuo alifika ukingoni mwa msitu wa Ituri na kuwarekodi wale ambao majina yao niliyakuta juu ya jalada.

Katika miaka hiyo alirekodi pia muziki wa jumba la Kabaka wa Buganda huko Mengo, pamoja na entenga, ngoma zilizotungwa sauti kama marimba na kupigwa na kundi la mafundi. Mwaka 1966 jeshi la serikali ya Obote lilishambulia jumba hilo. Kabaka alikimbilia uhamishoni, mafundi wakatawanyika, ngoma zikaharibiwa. Anayeishi Bunia haelezwi maana ya habari kama hiyo. Kilichosalia kwa kusikilizwa kilikuwa kile kilichokwisha kunakiliwa na kupelekwa mbali.

Mwaka 1954, kwa msaada wa wakfu wa Nuffield wa Uingereza na makampuni ya migodi, Tracey alianzisha karibu na Roodepoort, magharibi mwa Johannesburg, Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika. Kutoka hapo ulitoka mkusanyo wake mkuu, santuri ndefu 210. Mwaka huohuo alianza kiwanda cha kutengeneza kalimba, ndugu ya likembe yetu, ambayo leo inapigwa hata na watoto wa Japani na Ulaya wasiojua ilikotoka. Alikufa mwaka 1977. Mwanawe Andrew alichukua kazi, na mwaka uliofuata maktaba ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji unaoitwa sasa Makhanda, ambako ipo hadi leo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Michael Baird, mwanamuziki anayeishi Utrecht, Uholanzi, alizitoa upya rekodi nyingi kwa njia ya sidi. Mojawapo ndiyo ile iliyonifikia kati ya diski za mitumba.

Sitaki kumfanya Tracey mtakatifu. Alifanya kazi chini ya kivuli cha ukoloni, na njia zake zilifunguliwa na watawala na machifu waliowakusanya wanamuziki. Wakati mwingine wanamuziki hao hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Fedha za migodi zilitoka kwa wale walionufaika na jasho la waimbaji haohao. Na zile santuri 210 zilinunuliwa hasa na vyuo, maktaba na makumbusho. Kwa namna hiyo mwanafunzi wa Ulaya aliweza kusikiliza Kibudu cha mwaka 1952 mapema sana kuliko mwanafunzi wa Wamba. Sauti zilihifadhiwa vizuri, lakini zilihifadhiwa mbali na wenyewe.

Deni hilo limeanza kulipwa. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba ile, pamoja na washirika wake wa Kenya, iliwarudishia Wakipsigis rekodi zao vijijini, na baadhi ya waliorekodiwa mwaka 1950 walikuwa bado hai wakajisikia wakiwa vijana. Hili liliwezekana kwa sababu tatu tu: nakala ilikuwepo, ilikuwa na jina la mtu, na ilikuwa na jina la kijiji. Rekodi isiyo na jina ingerudishwa kwa nani?

Nasema haya kwa uchungu wangu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimrekodi nyanya yangu kwa simu, jioni tatu mfululizo, akitega vitendawili vya Kibira na kucheka kila nilipokosa jibu. Sikufanya nakala. Nilidhani kitu kilicho kwenye simu kiko salama kwa kuwa niko nacho kila siku. Kadi ya kumbukumbu iliharibika, fundi akajaribu akashindwa, na nyanya akafariki kabla sijapata nauli ya kurudi kwake. Nilikuwa natunza diski 31 za mpira na mbio za magari, kila moja ndani ya ganda lake, na sauti ya nyanya nikaiacha kwenye kipande kimoja kidogo kuliko ukucha.

Likizo iliyopita nilikwenda kijijini kwa dada yake nyanya, nikamsikilizisha zile nyimbo za Kibira. Hakumtambua mwimbaji yeyote. Lugha aliitambua, akanisahihisha neno moja nililokuwa nimeliandika vibaya, kisha akaniomba nirudie wimbo mara nne. Nilipotaka kuondoka aliuliza kama sauti hizo naondoka nazo. Ana redio ndogo yenye tundu la flashi, basi nikamwekea nakala humo. Yake mwenyewe nilimrekodi siku hiyohiyo. Hiyo iko mahali patatu: kwake, kwangu, na kwenye sidi iliyo ndani ya sanduku, imeandikwa jina lake, kijiji na tarehe kwa kalamu isiyofutika.

Kila mwaka kitivo chetu kinapokea kazi za mwisho wa masomo juu ya lugha za Ituri, nyuma ya kila moja kuna saa nyingi za sauti, na karatasi ndiyo peke yake inayobaki maktabani. Naomba tuanze na jambo jepesi. Kabla ya kutetea kazi yake, kila mwanafunzi aache nakala tatu za alichorekodi, moja maktabani, moja kwa mtu aliyemrekodi, moja kwake, na zote ziwe na majina. Tracey alihitaji gari, jenereta na fedha za migodi. Sisi tunahitaji flashi tatu na kalamu.