Denis Burkitt: Daktari aliyeifuata saratani ya watoto hadi Arua

Kwa wasikilizaji wetu wenye asili ya Arua na Koboko, jina la Burkitt huleta akilini ugonjwa kabla ya mtu: saratani inayovimbisha taya za watoto.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Alipoteza jicho moja akiwa na miaka 11, lakini akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala. Huko, mwaka 1957, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye alimwona mwingine Jinja.

Oktoba 1961 alinunua gari kuukuu kwa pauni 250, akazunguka hospitali za Afrika Mashariki na ya Kusini kwa majuma kumi, karibu kilomita 16,000. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva, jirani na Arua, fundi wa magari na, jambo lenye uzito zaidi, mtunza kumbukumbu hodari. Daftari zake zilionyesha kila mgonjwa alitoka wapi na lini, katika wilaya ya West Nile, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Koboko.

Lakini mzazi mwenye mtoto aliyevimba haombi ramani, anaomba dawa. Kisu hakikufaa, na Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Burkitt akajaribu dawa, mojawapo ikiwa saiklofosfamaidi. Dawa hiyo ina ajabu yake: ukiiweka pamoja na seli za saratani katika chombo cha maabara, haiziui. Ni ini la mgonjwa linaloigeuza kuwa sumu kali. Sumu hiyo huua seli za uvimbe, na pia hudhuru vinyweleo vya ngozi, ndiyo maana nywele hudondoka. Kwa baadhi ya watoto, dozi chache ziliyeyusha uvimbe kwa siku chache tu, nao haukurudi. Kwa wengine ulirudi, wakafa.

Mwaka 1964 watafiti wa London waligundua kirusi ndani ya uvimbe huo. Katika miaka ya 1970, baada ya Burkitt kuondoka Uganda, wenziwe walichukua damu ya watoto zaidi ya 40,000 wa West Nile, wakasubiri. Waliokuja kuugua walikuwa tayari na dalili nzito za kirusi hicho katika damu yao.

Burkitt alifariki Uingereza mwaka 1993. Wengi huko walimjua kama mzee aliyehimiza watu wale nafaka zisizokobolewa.