Salme wa Zanzibar: kutoka kanzu ya kwao mpaka korse ya Ulaya

Washonaji wa Butembo na Beni wanajua: nguo ya bibi arusi ikibana sana kiunoni, mwenyewe hapumui vizuri siku nzima. Kuna binti wa sultani aliyeacha nguo za kwao na kuhamia katika nguo za namna hiyo, na hakuacha nguo tu.

Salme alizaliwa Mtoni, Zanzibar, mwaka wa 1844. Baba yake ni Sultani Seyyid Said, mama yake mutumwa Jilfidan. Wasichana hawakufundishwa kuandika; yeye alijifunza kwa siri, juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wanawake wa nyumba ile walivaa kanzu, suruali na kitambaa cha kichwa. Kanzu haikufunga kiuno. Sindano waliijua: lesi za kupamba suruali walizitengeneza kwa mukono.

Akapendana na Rudolph Heinrich Ruete, mufanyabiashara Mujerumani, akapata mimba. Maisha yake yakawa hatarini. Agosti 1866 akatoroka na merikebu ya Waingereza mpaka Aden. Kule, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa Emily na kufunga ndoa siku ile ile. Kisha wakaenda Hamburg.

Ulaya ya wakati ule, mwanamuke wa heshima alivaa korse chini ya gauni. Fundi alishona pamoja vitambaa viwili vigumu, akaacha njia nyembamba katikati ya mishono. Ndani aliingiza vipande vya chuma, ao vile vinavyotoka kinywani mwa nyangumi. Nyuma, kamba ilivutwa mpaka kiuno kikapungua.

Mwaka wa 1870 bwana wake alipata ajali ya tramu, akafa. Salme alibakia na watoto watatu, akafundisha Kiarabu ili wakule. Alirudi Zanzibar mwaka wa 1885 na 1888 kudai urizi. Mara ya kwanza, kaka yake, Sultani Barghash, alikatala hata kumuona.

Mwaka wa 1886 alitoa kitabu cha maisha yake, mwanamuke aliyekatazwa kuandika. Alikufa Jena, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na muchanga wa pwani ya Zanzibar. Picha zimebakia: moja amevaa Kizungu, ingine amevaa nguo za kwao, zisizobana.